Sisi Wote, Tukigawanywa kwa Kumi na Tatu

Matokeo ya sensa ya Kenya yalipotangazwa tarehe 4 Novemba 2019, magazeti yalituita milioni 47. Redio zikasema milioni 47 na nusu. Mhubiri mmoja wa mtaani kwetu Baba Dogo, Nairobi, mwenye kipaza sauti na betri ya gari, alikuwa ametufikisha milioni 50 kabla ya Jumapili kwisha. Sikuridhika na hata mmoja wao. Agosti ya mwaka huo nilikuwa karani wa sensa hapo hapo Baba Dogo, nikipita ploti kwa ploti na kishikwambi mkononi, na sikumbuki kumwandika mtu aitwaye "na nusu". Nilitaka namba nzima, hadi mtu wa mwisho. Nikaikuta katika jedwali la Shirika la Kitaifa la Takwimu: 47,564,296.

Wako watu wanaoiona namba kama hiyo wakapita tu. Mimi nililelewa na mtu asiyeweza kupita. Mjomba wangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Baba Dogo, zamani zile kompyuta ya kiwanda ilipokuwa moja tu, nayo imefungiwa ofisini kwa mhasibu. Yeye alikuwa na daftari la delivari, kalamu na kichwa chake. Katoni zinaingia asubuhi, zinatoka na malori mchana, na jioni safu za namba lazima zikubaliane, la sivyo kuna atakayekatwa mshahara. Wa kukatwa alikuwa yeye.

"Usijumlishe mara mbili," alinionya nikiwa bado shule ya msingi. "Ulipokosea mara ya kwanza ndipo utakapokosea mara ya pili. Toa tisa."

Kutoa tisa ni hivi: jumlisha tarakimu za namba, na jumla ikizidi tisa ujumlishe tena tarakimu zake, mpaka ibaki moja. Tisa yenyewe huhesabiwa sifuri. Tarakimu unayobaki nayo ndiyo baki la namba ile ikigawanywa kwa 9. Hakuna uchawi hapo. Kumi ukiigawanya kwa 9 inabaki 1, mia inabaki 1, milioni inabaki 1, kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipokaa, inachangia thamani yake na si zaidi. Safu ikiwa imejumlishwa sawasawa, mabaki ya namba zake yakikusanywa lazima yatoe baki la jumla. Waandishi wa hesabu wa Kiarabu walikuwa na mbinu hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mjomba aliirithi kwa karani aliyemtangulia stoo, pamoja na kiti kilichovunjika mguu.

Kwa hiyo nilipolipata lile jedwali sikuanza kusoma maelezo. Nilitoa tisa. Wanaume 23,548,056: jumla ya tarakimu 33, baki 6. Wanawake 24,014,716: jumla 25, baki 7. Watu wenye jinsia mbili 1,524, waliohesabiwa kivyao kwa mara ya kwanza katika sensa ya Kenya: jumla 12, baki 3. Sita na saba na tatu ni 16, yaani 7. Na 47,564,296 yenyewe inatoa 43, yaani 7. Jedwali likakubali.

Nilimpigia mjomba, aliyekuwa ameshastaafu na kurudi nyumbani, nikamsomea. "Hiyo haitoshi," akasema, bila hata kunipongeza. Alikuwa na haki. Tisa haioni tarakimu mbili zikibadilishana viti. Karani akiandika 47,654,296 badala ya 47,564,296, baki ni 7 vilevile, na hali watu 90,000 wamezaliwa kwa kuteleza kwa kidole. Kosa la namna hiyo hunaswa na kumi na moja: unaanzia kulia, unaongeza tarakimu, unaondoa inayofuata, unaongeza, unaondoa, hadi mwisho. Namba yetu inatoa hasi 1, ndiyo kusema ikigawanywa kwa 11 inabaki 10. Ile iliyokosewa inabaki 8. Wanaume wanabaki 4, wanawake hawabaki, wenye jinsia mbili wanabaki 6. Nne na sifuri na sita ni kumi. "Sasa funga daftari," akasema mjomba.

Sikufunga. Nilitaka kujua namba yenyewe imejengwa kwa nini. Tarakimu tatu za mwisho, 296, zinagawika kwa 8, na hilo latosha kuonyesha kwamba namba yote inagawika kwa 8. Inabaki 5,945,537. Tatu haiingii, wala tano. Saba inabakiza 3, kumi na moja inabakiza 4. Kumi na tatu ikaingia bila kubakiza kitu, na sikuitegemea: 457,349. Kumi na saba ikakataa, kumi na tisa ikaingia: 24,071.

Hapo mlango ukafungwa. Ili kujua kama 24,071 ni namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, si lazima uijaribu kwa kila namba iliyo chini yake. Kipeuo chake cha pili kinazidi 155 kidogo tu. Kama ingekuwa zao la namba mbili, mojawapo isingezidi 155. Basi zinatosha namba tasa zote hadi 151, nazo ni 36. Orodha hiyo unaipata kwa chujio la Eratosthenes, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa Cyrene, katika Libya ya leo: andika namba kwa mfuatano, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5, uendelee hivyo, na zitakazosalia ni tasa. Niliifanya kazi hiyo kwenye matatu ya 25 kwenda mjini, nyuma ya risiti, tukiwa tumekwama kwenye jam. Namba 29 na 83 zilinipa matumaini, kila moja ikabakiza 1. Namba 113 ikabakiza 2. Ya mwisho, 151, ikabakiza 62. Ni tasa.

Basi 47,564,296 ni 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071. Watu wote waliohesabiwa Kenya usiku wa sensa wangeweza kupangwa mistari 13 iliyo sawa, au 19, au 104, pasibaki mtu pembeni. Wangeweza pia kuwa makundi 1,976 ya watu 24,071. Mjomba aliposikia 1976 alishtuka: ndio mwaka aliofika Nairobi. Nikamwambia ni zao la 8, 13 na 19, halimjui. Hakupendezwa. Namba yetu ya sensa ina vigawo 32, na ukivijumlisha vyote isipokuwa namba yenyewe unapata 53,538,104, zaidi ya namba uliyoanza nayo. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika juu ya namba karibu miaka elfu mbili iliyopita, aliwahi kuzitenga namba za aina hii, zinazozidiwa na jumla ya vigawo vyake, na zile zinazopungukiwa, na zile chache zinazolingana kabisa. Yeye aliziona zenye kuzidi kuwa na kasoro ya tabia. Mimi naona ametia chumvi.

Anayedhani huu ni mchezo wa watu wasio na kazi afikirie kidogo. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma kutafuta vigawo ni kugumu, na ugumu huo unakua haraka sana kadiri namba inavyorefuka. Juu ya tofauti hiyo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 mfumo wa kuficha siri ambao hadi leo hulinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Februari 2020 watafiti walifanikiwa kuvunja namba moja ya zoezi yenye tarakimu 250, kwa kazi ambayo kompyuta moja ya kawaida ya kiini kimoja ingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Yangu ilikuwa na tarakimu nane na jam ya Barabara ya Outer Ring ilitosha.

Lakini namba hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa milangoni. Jumamosi tarehe 24 Agosti 2019, kwa amri ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, baa zilifungwa saa kumi na moja jioni, jambo ambalo Baba Dogo halikupokewa kwa shangwe. Saa kumi na mbili tukaanza. Ilikuwa sensa ya kwanza ya Kenya bila karatasi. Vishikwambi vilikuwa vimeundwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Kila karani alipewa eneo lake na mzee wa mtaa wa kumtambulisha, maana kwenye ploti za kwetu, zenye korido ndefu na vyumba huku na huku, hakuna anayemfungulia mgeni usiku kwa sababu tu amevaa koti linalong'aa.

Swali la msingi lilikuwa moja: ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25? Linasikika jepesi. Katika mtaa wa viwanda si jepesi hata kidogo. Chumba kina vitanda viwili na watu watano, watatu kati yao wako shifti ya usiku. "Huyu hakulala hapa," mke anasema kwa uaminifu, "alilala kazini, tena nadhani kweli alilala." Kanuni ilisema mfanyakazi wa usiku ahesabiwe kwake nyumbani. Mlinzi, nesi, dereva wa lori la mikate, wote hivyo hivyo. Ukimwacha, anapotea, kwa sababu hakuna karani atakayemkuta langoni kiwandani. Ukimwandika mara mbili, umemzaa upya. Niliwauliza watu wengi sana usiku ule walikolala waume zao, na si kila jibu lilikuwa la kishikwambi.

Mpaka wa hesabu yote ulikuwa saa sita usiku. Aliyezaliwa kabla yake yumo, aliyezaliwa baada yake hayumo. Aliyefariki kabla yake hayumo, aliyefariki baada yake yumo. Siku chache baadaye, katika ploti moja upande wa Lucky Summer, nilimkuta mama mzazi kitandani na kichanga kifuani. Nyanya ndiye aliyekuwa akijibu.

"Mtoto alizaliwa lini, mama?"

"Usiku ule ule mliosema. Saa saba kasorobo. Nilikuwepo."

Nikamweleza, kwa adabu yote, kwamba huyo hataandikwa.

"Hataandikwa? Basi huyu anayelia ni nani, ni redio?"

Mzee wa mtaa, mtu wa amani, akaniinamia sikioni. "Binti, weka tu. Mtoto mmoja atamuumiza nani?" Sikuweka. Chai iliyokuwa imeshamiminwa ikarudi jikoni. Na kibaya zaidi, korido hiyo hiyo kulikuwa na baba mmoja mzee aliyefariki alfajiri ya Jumapili ile, na huyo, kwa kanuni ile ile, nilikuwa nimemwandika. Nyanya alijua. Alinitazama kama mtu anayeandikia serikali ya wafu.

Swali la mzee wa mtaa nimelifikiria kuliko maswali yote ya chuoni. Serikali haiumizwi na mtoto mmoja, milioni 47 hazitikisiki. Namba yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa nyingine kabisa. Mwandike yule mtoto, tuwe 47,564,297: mbili haiingii tena, kumi na tatu haiingii, kumi na tisa haiingii, na 24,071 imetoweka. Badala yao anakuja 11, ambaye hakuwepo. Mfute yule baba mzee, tuwe 47,564,295: sasa 3 na 5 zinaingia, na zile za kwanza zote hazipo. Namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1, kwa sababu kitu kinachozigawa zote mbili lazima kigawe tofauti yao, na tofauti yao ni 1. Euclid alitumia wazo hilo hilo kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: zidisha zote ulizonazo, ongeza moja, na hakuna hata moja kati yake itakayoingia.

Ndiyo maana nasema mwenye kusema "takriban" hajaiona namba, ameona ukubwa wake tu. Ukubwa una kazi yake, sikatai. Lakini mtu mmoja mlangoni haongezi ukubwa unaoonekana. Anachobadilisha ni kila kitu kingine.

Wanasheria wanaujua ukamilifu huu kwa njia yao. Ibara ya 89 ya Katiba inasema maeneobunge ni 290, na inataka idadi ya wakazi wote igawanywe kwa hiyo 290 ili kupata kipimo cha watu kwa kila eneobunge. Eneo laweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 kwenye majiji na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa sensa ya 2009, ambayo ndiyo iliyotumika Ruaraka yetu ilipokatwa kutoka Kasarani kabla ya uchaguzi wa 2013, kipimo kilikuwa 133,138. Kwa sensa ya 2019 kila eneobunge lingepata 164,014 na wangebaki watu 236 bila mbunge. Haiwezi kutoka sawa: 290 ni 2 × 5 × 29, na katika namba yetu hakuna 5 wala 29. Kaunti nazo ni 47, na namba yetu inaanza na 47, jambo lililowafurahisha wachambuzi wa redio asubuhi nzima. Gawanya uone: 1,012,006 kwa kila kaunti, wanabaki 14.

Sasa neno moja la kupunguza majivuno ya hesabu. Namba ya 2009 ilikuwa 38,610,097, na vigawo vyake vinapendeza kuliko vya kwetu: 31 × 31 × 40,177, na hiyo ya mwisho ni tasa. Ni nadra kukuta namba tasa kubwa kama 31 ikiingia mara mbili. Lakini Agosti 2010 aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kuyakataa matokeo ya wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, akisema yamepanda kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kueleza. Mambo yakafika mahakamani. Baada ya 2019 pia malalamiko ya kaskazini yalifika huko, safari hii watu wakidai wamehesabiwa pungufu. Hesabu haikusaidia upande wowote. 31 inaingia mara mbili katika 38,610,097 iwe watu wale walikuwepo au hawakuwepo. Kutoa tisa kungemridhisha hata mwongo, mradi amejumlisha vizuri uongo wake. Mjomba alilijua hilo stoo: daftari lilikuwa likikubali kila jioni, na bado kuna siku alitoka na tochi kwenda kuhesabu katoni zenyewe.

Kwa hiyo namwamini zaidi karani aliyekubali kunyimwa chai kuliko jedwali lililopigwa chapa. Kwa desturi ya miaka kumi kumi, sensa ijayo ni ya 2029. Karani akibisha mlangoni kwako usiku, mtajie wa shifti ya usiku, mtajie aliyelala kwenye kochi, mtajie mtoto na saa aliyozaliwa kwa ukweli, hata kama hupendi jibu atakalokupa.

Na ukitaka kazi ya mikono kabla ya hapo, nakuachia namba ya 1999: 28,686,607. Namba tasa zote hadi 53 zimekataa kuingia. Kipeuo chake cha pili hakifiki 5,357, na hadi hapo kuna namba tasa zaidi ya 700 za kujaribu. Usitumie programu ya simu. Ukipata kigawo kabla yangu, niambie.